Plau ya majembe matatu nyuma ya farasi 80: niliyoyaona njia ya Kasenga

Mwenye haraka achukue hili kwanza: plau yenyewe ni nzuri, chuma chake kizito, lakini kwa trekta lenye nguvu ya farasi 80 kwenye udongo mzito wa Lubumbashi hesabu yake ni majembe mawili, yaani vyuma viwili vya kupindua udongo. Jembe la tatu ni la shamba jepesi. Anayekuahidi manne ana haraka ya kufunga biashara.

Trekta si langu, ni la yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa. Mimi ni fundi wa mashine, nimezeekea kwenye gereji za migodi kule Likasi kabla yaya hajaniita nije kumtunzia vyuma vyake. Ni Massey Ferguson 290, injini ya Perkins ya silinda nne isiyo na turbo, na zinazosukuma ni tairi za nyuma peke yake. Shamba liko njia ya Kasenga. Juu kuna udongo mwekundu, katikati kipande cha mchanga mchanga, na chini dembo, yaani bonde la majimaji, lenye udongo mweusi unaomvua mtu buti. Siku zote tulilima kwa plau ya diski ya kukodi. Safari hii yaya akataka plau ya bawa, ile inayopindua udongo wote na kuyafukia majani, kwa sababu majani ya dembo yalikuwa yanaota tena kabla mahindi hayajafika magotini.

Tuliinunua ikiwa imetumika, kwa muuzaji anayeingiza vifaa kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Majembe matatu, kila moja inchi 14, yaani sentimita 35 na nusu, kwa hiyo upana wote ni mita 1.07 hivi. Muuzaji alikuwa na ya majembe manne pia, na hiyo ndiyo aliyotaka tuondoke nayo. "Mama, farasi 80 hizi zinameza majembe manne kama bukari na sombe," alimwambia yaya. Yaya akanitazama. Nikamjibu, "Yaya, tuchukue ya matatu, tena hii ambayo jembe la nyuma linafunguka." Yule bwana akacheka, akasema mafundi wa mgodi wanaogopa shamba. Sawa, acheke. Ya manne si mbaya, ni ya mtu mwenye trekta la farasi 110 kwenda juu, ikiwezekana lenye tairi nne zinazosukuma.

Hoja yangu ni hii. Namba iliyobandikwa kwenye boneti ni ya injini ikiwa mpya, tena chini kule karibu na bahari. Sisi tuko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na injini isiyo na turbo ikivuta hewa nyepesi inapoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kwa hiyo farasi 80 zimeshakuwa 72 kabla hujatoka getini. Gia nazo zinakula za kwao, na kwenye shafti ya nyuma, ile inayozungusha mashine, zinafika kama 62. Halafu ndipo tairi zikanyage udongo. Kanuni ya wahandisi inasema kwenye ardhi iliyoshikana unabaki na asilimia 64 ya nguvu ya shafti, na kwenye ardhi iliyokwisha kutifuliwa asilimia 55. Piga hesabu: kinachofika kwenye plau ni farasi 34 hadi 40. Nusu ya kilichoandikwa kwenye boneti, au chini yake.

Sasa upande wa plau. Chama cha wahandisi wa kilimo cha Marekani, ASABE, kina hesabu ya mvuto wa plau ya bawa, na haihitaji shule ndefu. Kwa udongo mzito, kila mita ya upana na kila sentimita ya kina inadai nyutoni 652, kisha unaongeza 5.1 mara mwendo mara mwendo tena, mwendo ukiwa ni kilomita kwa saa. Udongo wa kati unachukua asilimia 70 ya jibu hilo, mchanga asilimia 45. Weka majembe yetu matatu, kina sentimita 20, mwendo kilomita 6. Kwenye udongo mzito inatoka karibu kilo 1,800 za kuvuta, na ukizizidisha na mwendo unapata farasi 40. Hizo ndizo zote tulizo nazo, tena siku injini iko na afya na chujio la hewa ni safi. Udongo wa kati unataka 28, hapo trekta linapumua. Majembe manne kwenye udongo mzito yangetaka farasi 53. Zitoke wapi?

Na uangalie mwendo, kwa sababu hapo ndipo mashofere wanaponimalizia mazutu, yaani dizeli. Plau ileile, kina kilekile, ukitoka kilomita 6 kwenda 8 kwa saa inataka farasi 62 badala ya 40. Mwendo umeongezeka kwa theluthi moja, nguvu kwa zaidi ya nusu. Shofere wetu ni kijana mzuri, ila anapenda kuonekana na watu wa barabarani. Nilimwonyesha hesabu hii kwenye karatasi ya saruji. Tangu hapo anakaa kwenye gia niliyomwambia. Angalau nikiwepo.

Lakini farasi si mwisho wa maneno. Kilo 1,800 za kuvuta ni nyingi kwa trekta ambalo lenyewe halifikishi tani tatu. Trekta la tairi mbili likivuta nusu ya uzito wake shambani limefanya kazi ya kiume. Kwa hiyo hata injini ingekuwa na farasi za ziada, tairi zingezunguka mahali pamoja, kama zinavyozunguka kila mwaka kwa majirani wanaosema trekta lao "limechoka". Trekta halijachoka, halina uzito. Tulijaza maji robo tatu kwenye tairi za nyuma, lita 300 hivi kila moja, na mbele tukafunga vyuma vya uzito, maana plau ikining'inia nyuma pua ya trekta inakuwa nyepesi na usukani hausikii.

Kujua kama uzito unatosha si lazima uwe na kifaa. Niliweka alama ya chaki pembeni mwa tairi la nyuma, shofere akaendesha plau ikiwa juu, nikahesabu mizunguko kumi na kupima kwa tepu: mita 45. Kisha akashusha plau kwenye udongo wa dembo, majembe matatu, sentimita 20, mizunguko kumi tena. Mita 34. Maana yake karibu robo ya kazi ya tairi ilikuwa inasaga udongo bure, na hilo lilikuwa baada ya kuongeza maji na vyuma. Unalisikia hata kwa masikio: injini inaguna, kisha inalegea ghafla, na nyuma ya tairi kunabaki mistari iliyong'aa. Tukafungua jembe la tatu. Mita 39 na nusu, asilimia 12 ya kuteleza, na hapo ndipo panapotakiwa. Kati ya 10 na 15 tairi linafanya kazi bila kulika ovyo. Kwenye kipande cha mchanga tukarudisha la tatu, na namba zikabaki palepale, mita 39. Shamba moja, plau moja, hesabu mbili. Hii ndiyo sababu nalipenda jembe linalofunguka kuliko plau kubwa ya kujivunia.

Kulifungua ni bolti nne kubwa na mtu wa kushika upande wa pili. Muuzaji hakutuambia jambo moja ambalo ndilo lenye maana: jembe la nyuma ndilo linalobeba kile chuma kirefu cha ubavuni, kinachoegemea ukuta wa mfereji ili plau isitambae kwa pembeni. Ukiondoa jembe la tatu, chuma kile kihamishie jembe la pili. Ukikiacha kwenye jembe ulilofungua, plau inakwenda upandeupande na shofere anapigana na usukani kutwa nzima akidhani trekta ni bovu. Matundu ya bolti yalilingana vizuri, nampa sifa aliyeichonga.

Bawa lenyewe lilikuja na kutu kidogo. Udongo wetu mwekundu ukiwa na unyevu wa kadiri unamegeka na kuteleza juu ya bawa bila ubishi, lakini kwenye kutu unaganda, na bawa lililoganda udongo halipindui, linasukuma. Tulianza makusudi upande wa mchanga ili ling'ae, ndipo tukashuka dembo. Jioni tunalipaka mafuta machafu ya injini. Kuhusu unyevu, chukua udongo wa kina unachotaka kulima, ufinyange mkononi, uangushe. Ukivunjika vipande, lima. Ukibaki tonge, subiri. Ukiwa vumbi, usijaribu. Mwezi wa tisa na wa kumi udongo wa hapa ni tofali, na hesabu zote nilizoandika juu hazifai kitu. Sisi tunalima mvua za mwezi wa kumi na moja zikishaingia vizuri. Wenye akili zaidi wanalima mwezi wa nne au wa tano, mvua zinapoaga na ardhi bado laini, na majani yanaozea chini kiangazi chote. Yaya bado anabishana nami juu ya hilo kwa sababu wakati huo mahindi yake yako shambani.

Visiki sasa. Plau ya diski ikikuta mzizi inapanda juu yake na kuendelea. Ya bawa inaushika. Kila jembe lina bolti ndogo iliyowekwa ivunjike kabla chuma kikubwa hakijapinda, na tulivunja kadhaa kwenye kona ambayo wachoma makala, yaani makaa, walikata miti bila kung'oa mashina. Duka moja la mjini lilimuuzia shofere bolti ngumu zaidi, wakimsifia kwamba hazivunjiki. Nilizirudisha. Bolti isiyovunjika mahali pale maana yake fremu ndiyo itakayovunjika. Na vichuguu usivifikirie kabisa, vizunguke. Vingine kwetu ni virefu kuliko trekta lenyewe na udongo wake ni mgumu kupita maelezo. Kama shamba lako limefyekwa juzi kutoka msituni, kodi diski miaka ya kwanza, kisha urudi kusoma haya.

Kasoro niliyoiona kwenye mlingano wetu ni tairi. Ukilima kwa plau ya bawa, tairi la kulia linapita ndani ya mfereji uliochimbwa mzunguko uliopita. Mfereji wetu ni wa inchi 14, na tairi letu lina upana wa inchi 18.4. Halienei. Linakanyaga ukingo wa udongo ambao jembe limetoka kuupindua, linaubana, na ukitazama shamba jioni unaona mstari mgumu kila baada ya mita moja. Plau ya inchi 16 ingeliacha tairi nafasi zaidi, lakini majembe mawili ya inchi 16 yanavuta zaidi ya mawili ya inchi 14, na mvuto tumeshauhesabu. Tumekubali mstari ule. Haro ya diski inapita juu yake baadaye na mahindi hayalalamiki sana. Ila upana kati ya tairi za nyuma ilibidi tuurekebishe kwa kugeuza rimu, maana jembe la mbele lilikuwa linakata ukanda mpana kuliko wenzake. Pima umbali huo kabla ya kununua, tepu haigharimu kitu.

Haidroliki ya 290 ina njia ya kukaa kimo kimoja na njia ya kuhisi mvuto. Tumia ya pili. Plau ikikuta mahali pagumu inajiinua kidogo yenyewe, tairi zinapata uzito, halafu inashuka. Shofere wengi wa kukodi wanaifunga kwenye kimo tu kwa sababu mistari inaonekana imenyooka, na trekta ndilo linaloteseka.

Mazutu ilikaribia lita 20 kwa hekta, iwe majembe matatu dembo au mawili. Nilitegemea tofauti kubwa zaidi, haikuwepo. Tofauti iko kwenye muda na kwenye mpira. Majembe matatu yanafanya kama nusu hekta kwa saa, mawili theluthi moja. Yaya, ambaye ndiye anayelipa, alinuna kuona kazi inakwenda polepole, mpaka nilipomwambia bei ya tairi mbili za nyuma hapa Lubumbashi. Tena kwa mawili tuliweza kushuka sentimita 25 kwenye dembo na injini haikufoka moshi mweusi.

Jirani yetu mwenye Massey Ferguson 240, ya silinda tatu na farasi 50 hivi, alikuja kuangalia na tayari alikuwa ameahidiwa ya majembe matatu na mtu wa mjini. "Mukubwa, watu wanasema itavuta," aliniambia. Kwa hesabu ileile, kwake kinachofika kwenye plau ni farasi 23 hivi. Majembe mawili ya inchi 14 kwenye udongo wa kati, atalima vizuri. Kwenye dembo, mawili hayohayo kwa kilomita 5 kwa saa na si zaidi, kina kisizidi 20. Alichukua mawili. Kama una mteremko, kama yeye, lima kwa kukata mteremko, maana udongo uliopinduliwa kufuata maji unahamia kwa jirani mvua ya kwanza kubwa ya Desemba.

Huduma ya muuzaji ni ya kadiri. Plau ilifika siku aliyosema, pini za mikono ya nyuma zililingana na trekta, na fimbo ya juu aliyotupa ina uzi safi. Lakini shea, vile vyuma vya kukata vya chini, zilikuwa zimeshalika ncha, na hilo hakulisema hadi nilipomwonyesha kwa kidole. Shea isiyo na ncha haizami. Shofere anashusha zaidi, trekta linaguna zaidi, na lawama zote zinaangukia injini. Mahali penye kokoto nyekundu zinakwisha haraka sana. Alipunguza bei baada ya kelele, akaahidi seti mpya ikivuka mpaka. Ilivuka ikiwa imechelewa, na moja kati ya tatu ilikuwa ya upande wa kushoto. Tunasubiri ya kulia. Kwa sasa jembe la tatu limelala stoo, na kwa udongo wa dembo halihitajiki.